Mkono wa Kushoto wa Ndege

Mimi ni mama ninayekodisha viti na maturubai hapa Bariadi, kwa hiyo misiba ya mji huu naijua kuliko padri. Na kwa miaka mingi, kila nilikofunga turubai, kabla waombolezaji hawajatulia, alifika mama mmoja mrefu, mkavu, kilemba kimefungwa mpaka kwenye nyusi. Hakusalimia wafiwa kwanza. Alikwenda moja kwa moja kwenye kona ya turubai langu, akaligeuza pindo, akapapasa chini ya ile pete ya chuma inayopitishwa kamba. Kisha kona ya pili, ya tatu, ya nne. Akimaliza alishusha pumzi, akatoa salamu, akakaa kwenye mkeka na kulia kama watu wengine.

Mara ya kwanza nilimtolea macho. Biashara yangu ilikuwa changa na nilidhani ananitafutia kasoro mbele ya wateja.

"Mayu, turubai hilo ni zima," nikamwambia. Huku kwetu mwanamke aliyekuzidi umri unamwita mayu, hata kama amekuudhi.

"Sijakuuliza uzima wake," akajibu bila kunitazama.

Watu walikuwa na maneno yao. Usukumani mama mzee akiishi peke yake, macho mekundu kwa moshi na kwa kazi ya sindano, tayari anaitwa mchawi, yuko matatani. Huyu tena anapapasa maturubai ya misiba! Wengine walisema anafunga kitu pale kwenye kona. Wengine walisema anapima nani atafuata. Kule Kasoli, kwenye msiba wa mnunuzi mmoja wa pamba, vijana wa familia walimsukuma mpaka akaangukia viti vyangu, na mmoja nikamwona anakwenda nyuma ya nyumba kutafuta fimbo. Nikajitupa katikati. Msinisifu, nilianza kwa kuvitetea viti, maana vya plastiki vikikaliwa vibaya vinapasuka miguu. Lakini nilipomwona amelala pale, kilemba kimeteleza, anakitafuta kwa mikono miwili kama mtu aliyevuliwa nguo, roho iliniuma.

"Huyu ni fundi wangu!" nilipiga kelele. "Nimemtuma mimi akague kazi! Nani ana neno?"

Uongo mtupu. Hakuwa amenishonea hata kitambaa cha mezani. Lakini ndivyo alivyokuwa fundi wangu, na tangu siku hiyo nilimwita Fundi, na mji mzima ukamwita hivyo.

Kazi yake aliifanyia barazani, upande wa nyuma wa soko. Alikuwa na cherehani nzito ya kukanyaga ambayo sasa iko kwangu, na ambayo hakuna binti yangu hata mmoja anayeiweza. Msimu wa pamba alishona mifuko ya kuchumia, ile inayofungwa kiunoni. Shule zikikaribia kufunguliwa alishona sare. Katikati ya hapo alinishonea mimi. Turubai likichanika kwa upepo nilimpelekea, akalitandaza chini, akalizunguka akiwa peku, pini zimebanwa mdomoni. Sifa hakutoa. Msichana aliyejifunza kwake akimwonyesha kazi yake, hakuangalia mshono mrefu hata kidogo.

"Katikati hata mlevi anashona," alisema. "Nionyeshe kona."

Hilo la kona lilikuwa ugonjwa wake. Alikwenda harusini akageuza kona ya shela ya bibi harusi mbele ya ukumbi. Alikwenda kumwona mgonjwa akakunja upya kona za shuka, mgonjwa yumo ndani. Mchungaji wetu alipovaa kanzu mpya, Fundi alikaa ibada nzima anatikisa kichwa, na walipotoka nje akamwambia, "Mahubiri mazuri, baba, lakini huyo aliyekushonea alikuwa na haraka ya kwenda kula." Mchungaji akacheka, akaivua, akampa airudie.

Alikuwa mkali kwa uchafu. Wasichana waliokuja kujifunza ushonaji aliwakagua kucha na nywele kama mwalimu wa zamu. Lakini nywele zake mwenyewe hakuna aliyeziona. Hakwenda saluni, hakumruhusu jirani amsuke, hakunyoa. Siku ya Kasoli, kilemba kilipoteleza, niliona kichaka cha mvi kimebanwa kwa vifungo vya uzi.

Na mvua. Jamani, huyu mama na mvua! Wingu likitanda tu upande wa Busega, anaacha kila kitu. Hawezi kuvumilia kitu chochote kilale nje kinyeshewe. Ataingiza kuni za jirani, ataingiza vifaranga, atakokota godoro la watu lililoanikwa uani bila kuomba ruhusa. Palikuwa na fundi baiskeli mmoja mnywaji sana, ambaye miguu ikimkataa alilala popote. Jioni moja mvua ilimkuta mtaroni. Fundi alitoka na nailoni ya mbolea, akamfunika, akaweka mawe kila kona ili upepo usiipeperushe, akarudi ndani. Kulipokucha alimfuata akamtukana kwa Kisukuma mpaka watoto wakaziba masikio. Yule jamaa alikuwa anasema, "Mama huyu ananipenda au ananichukia? Mimi nashindwa kuelewa." Hata mimi wakati ule nilikuwa sielewi.

Sasa ndege. Hapa kwetu vinapita vindege vidogo vinavyopeleka watalii Serengeti. Kikipita, Fundi alisimamisha mguu kwenye kanyagio, akainua uso, akasema, "Hiki kiko uchi." Watoto walikuwa wanausubiri mchezo huo.

"Bibi, kwani ndege inavaa nguo?"

"Inavaa kuliko baba yako. Mimi mwenyewe nimeishonea."

Walicheka wakajigaragaza. Hata mimi nilicheka, nikidhani ni utani wa uzee. Haukuwa utani.

Alikuwa msichana wa Shishiyu aliyekwenda Mwanza kutafuta kazi, akaipata katika kiwanda cha nguo. Vita vya Kagera vilipoanza, ukumbi mmoja wa kiwanda uliacha vitambaa vya maua ukapewa turubai la kijani, gumu kama ngozi ya ng'ombe. Wanawake wakashona mahema, machela ya kubebea majeruhi, na nguo za ndege za jeshi. Ndege ikilala uwanjani inahitaji kufunikwa na jua, vumbi, mvua, na macho ya adui. Nguo yake ina kiwiliwili, ina pua, ina mikono miwili ya kuvalisha mabawa. Fundi alikuwa meza ya mikono.

"Tulikuwa tunaimba, we mwenye viti," aliniambia. Jina langu hakulitumia kamwe, niliitwa mwenye viti. "Nyimbo za kulima, zilezile za nyumbani. Mashine zinavuma, sisi tunaimba juu yake. Vidole vinatoka damu kwa turubai lile, unafuta kwenye sketi, unaendelea. Siku moja king'ora kikalia, tukaambiwa ndege ya adui inakuja. Tukaingia wote chini ya nguo iliyokuwa sakafuni. Fikiria! Unaikimbia ndege, unajificha ndani ya nguo ya ndege." Alicheka mpaka pini zikamdondoka. Ni moja ya mara chache nilizomwona akicheka hivyo.

Kila mwanamke alikuwa na alama. Ndani ya kona, chini ya pete ya chuma, unaficha fundo moja la uzi wa rangi yako, ili mshono ukiachia msimamizi ajue wa kumfokea. Yake ilikuwa kijani kibichi, kijani cha majani ya mpunga.

Kisha akakosea. Mkono wa kushoto wa ndege na wa kulia haifanani. Mviringo wa mbele unageuka. Fundi alishona mkono wa kushoto vizuri, akaukunja, akavuta turubai jipya, akashona tena wa kushoto. Alisema alikuwa anamuwaza mdogo wake wa kiume, aliyekuwa amejiandikisha mgambo na sasa wamepelekwa kambini. Msimamizi alipoutandaza akashika kichwa. "Nyie mama, mmenizalia ndege ya mikono miwili ya kushoto!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkono ule wa ziada, turubai zuri lenye upande mmoja wa mviringo, ukatengwa ukafunike mizigo kwenye malori.

Siku chache baadaye malori yakaja kupakia, na kwenye lori moja alikuwamo mdogo wake. Hakuamini macho yake. Walikuwa wametoka tumbo moja, wakafuatana, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni utotoni, mama yao alipokuwa shambani. Alikimbia ndani, akauchukua ule mkono wa kushoto, akauongezea kwenye kona fundo la pili la kijani, la huyo kijana, akampelekea getini.

"Akaniambia, 'Dada, sasa mimi nakwenda vitani na bawa.' Nikamwambia, 'Na usilowe.' Basi. Ndiyo maneno niliyompa. Mtu anakwenda vitani, mimi namwambia asilowe."

Hakurudi. Aliyerudi ni mwenzake wa lori, akaenda Shishiyu kutoa habari. Alisema alikufa ng'ambo ya mto Kagera, katikati ya masika, na hapakuwa na nafasi ya kuchimba kaburi la maana. Walimlaza kwenye shimo fupi, wakamfunika na lile turubai lenye mviringo, wakaweka mawe, wakaendelea na safari. Mama mtu hakuuliza alipigwa wapi, hakuuliza kama aliumia. Aliuliza neno moja tu.

"Lote?"

"Lote, mama," akajibu yule kijana.

Kwetu msiba unafungwa kwa kunyoa. Siku ikifika ndugu wananyolewa, na hapo ndipo mtu anaruhusiwa kuanza kuishi tena. Yule mama alikataa. Alisema hajaona mwili, hanyoi. Akafa na nywele zake. Fundi naye akabaki na zake chini ya kilemba, miaka yote hii, msiba wa mdogo wake haujafungwa. Hakuolewa. Wanaume walikuja, alisema, lakini utaolewaje uko matangani?

Nilipoyasikia haya tulikuwa tumeshafanya kazi pamoja miaka mingi, na nilijiona nimeelewa.

"Kwa hiyo unalitafuta lile turubai," nikasema. "Maskini, mayu wangu. Siku moja utalipata."

Aliniangalia kwa hasira, ile hasira ya mtu aliyechoka kueleza.

"Silitafuti! Vitu vya jeshi vilitawanyika kote baada ya vita, hadi leo watu wanafunikia mahindi. Mimi kila kona naomba nisilione. Nikilikuta, maana yake walimvua. Unaelewa? Lisipoonekana, analo yeye."

Tangu hapo nilipofunga maturubai msibani nilikuwa nazishusha kona ili azifikie vizuri. Na akimaliza ya nne, mimi pia nilishusha pumzi.

Mwaka jana nilikwenda Lamadi. Kuna wachuuzi wa dagaa pale wanaobadilisha maturubai yao, na mimi sikosi kununua, natandika chini ya viti wakati wa tope. Mchuuzi mmoja akanivutia la kijani lililopauka, linanuka dagaa mpaka machozi yanakutoka.

"Chukua hili, mama. Halifi hili. Marehemu baba alikuwa dereva wa malori, alirudi nalo vitani."

Nilianza kulitandaza. Upande mmoja ulikuwa umenyooka. Upande wa pili ulikwenda kwa mviringo. Nikajiambia, we mama, maturubai yanakatwa kila namna. Nikageuza kona. Chini ya pete iliyoliwa na kutu palikuwa na mafundo mawili, yamekuwa rangi ya nyasi kavu, lakini pale uzi ulipojificha ndani ya pindo ulikuwa bado kijani cha majani ya mpunga.

Nikakaa juu ya magunia ya watu.

Mume wangu nilimpigia simu palepale. "Lichome," akasema. "Au liache hukohuko. Litamfaa nini yule mzee?" Na mimi nusura nifanye hivyo. Lakini nilifikiri: nikiliacha Lamadi, kesho litafunika dagaa kuja sokoni Bariadi, nyuma ya baraza yake. Atalikuta mwenyewe, mbele ya makuli na wapiga debe. Nikalinunua.

Kwake nilifika asubuhi. Macho yalikuwa yamemwingia ukungu, anashona kwa vidole zaidi kuliko kwa kuona.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia.

"Mwangaluka, mwenye viti. Leo unanuka samaki, umeolewa ziwani?"

Nilimwekea mapajani ile kona tu, nikapiga magoti mbele yake. Mikono yake ilianza kazi yenyewe, kama kawaida. Pete. Pindo. Fundo. Kisha ikasimama. Akarudi nyuma kidogo, akagusa tena. Akavuta turubai mikononi, mkono baada ya mkono, mpaka akaufikia mviringo, akaufuata wote hadi mwisho.

"Umelitoa wapi?"

Nikamweleza: Lamadi, mchuuzi, baba yake dereva. Halafu nikaanza kupayuka. Kwamba labda walimfunika kweli, wengine wakaja nyuma wakalichukua, kwamba yule kijana huenda hakusema uongo.

"Nyamaza kidogo, ng'wanone."

Mwanangu. Ndiyo mara pekee aliyoniita hivyo. Sokoni watu walikuwa wanapigizana kelele za bei.

"Alimwonea mama huruma," alisema mwishowe. "Mama alivyouliza lile 'lote?', wewe ungejibuje? Na mvua ilikuwa inanyesha. Walio hai nao walikuwa wanalowa. Hata ningekuwa mimi kwenye lori lile, na wenzangu wanatetemeka, ningelivuta." Akalikunja lile turubai kifuani. "Lakini alilala wazi. Mdogo wangu alilala wazi siku zote hizi, na mimi nafunika walevi."

Akalia. Si kilio cha misibani, hicho nilikuwa nakijua. Alilia kwa sauti nyembamba ya msichana, na mimi nikalia naye, nimeshika goti lake, na wateja wawili waliokuja kuchukua sare wakarudi polepole.

Alipomaliza akajifuta kwa ncha ya kilemba. "Niletee maji na sabuni ya unga. Linanuka hili. Halafu niitie mtoto wa kaka yangu Shishiyu, umwambie aandae watu wa kuchimba."

Wazee wa Shishiyu walikuwa na mashaka. Mmoja, shemeji wa ukoo, alisema hajawahi kuona kaburi la turubai. "Tunazika nguo, mayu?"

"Mama yangu alikufa hajanyoa," Fundi akamjibu. "Mimi nakaribia kumfuata. Mnataka nimwambie nini nikifika?"

Shimo likachimbwa kando ya kaburi la mama yao. Asubuhi ile alikuwa amenyolewa na mkwe wa kaka yake, kichwa cheupe, kidogo, kama si chake, na mimi nilikuwa nimefunga turubai langu tangu alfajiri, kona nimezishusha kwa mazoea. Alipotoka ndani nilimtazama mikono. Alipita kona ya kwanza. Akapita ya pili. Akaenda kukaa mkekani pamoja na wanawake, akatoa salamu kwa wafiwa, nao wakampa pole, maana mfiwa alikuwa yeye.

Ule mkono wa kushoto aliushona mwenyewe, umekunjwa, mshono wa kuzunguka, kona zote nne. Mafundo mawili aliyaacha ndani. Vijana wakaushusha kwa kamba kama wanavyomshusha mtu, udongo ukarudishwa, mawe yakapangwa juu.

Hatujamaliza wimbo, wingu la upande wa ziwa likatufikia. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye udongo mpya. Wote tuliomfahamu tukamgeukia tukijua atainuka, atatafuta nailoni, atafokea watu. Mimi nilikwisha simama nimfuate.

Fundi hakuinuka. Alivua kanga ya mabegani, akaiweka mapajani, akakiacha kichwa chake wazi.

"Kaa, mwenye viti," alisema. "Acha inyeshe. Amefunikwa."